Gamelan ya Java na ya Sunda: nini cha kusoma, nini cha kusikiliza, na kwa nini tarakimu hazitoshi

Ukitafuta mtandaoni "Ladrang Wilujeng", wimbo wa gamelan, yaani kundi la ala za Indonesia, nyingi zikiwa vibao na vyungu vya shaba, muda si mrefu utakuwa na nota zake mkononi. Mstari wa kwanza ni huu:

2 1 2 3   2 1 2 6

Ni tarakimu nane tu, na ile 6 ya mwisho huwekewa nukta chini kuonyesha kuwa ni ya sauti ya chini. Wimbo wenyewe ni wa kutakiana heri na usalama, na katika miji ya Surakarta na Yogyakarta, katikati ya kisiwa cha Java, ni miongoni mwa nyimbo ambazo wanafunzi huanzia. Shida inaanza pale unapofungua rekodi ya wimbo huohuo, ukaweka kidole kwenye ile 2 ya kwanza na kusikiliza. Unasikia zeze likilia, mwanamke akiimba, marimba ikitiririka bila kupumua. Tarakimu zako nane ama huzisikii kabisa, au zinapita polepole kiasi kwamba umeshasahau ulifika ya ngapi.

Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamepakua nota mbovu. Nota ni sahihi. Isipokuwa kilichoandikwa ni tabaka moja tu la muziki wenye matabaka mengi, na hayo mengine hayakuandikwa kwa sababu mpigaji wa Java hahitaji kuandikiwa. Vitu vya kujifunzia gamelan si haba siku hizi: vitabu, rekodi, mikusanyo ya nota, matangazo ya moja kwa moja kutoka ikulu za kifalme. Kinachomchanganya mwanafunzi ni kutojua kila kimoja kinafundisha tabaka lipi.

Tuanze na hilo tabaka lililoandikwa. Linaitwa balungan, yaani mifupa ya wimbo, na hupigwa na kundi la saron, marimba za vibao vizito vya shaba, pamoja na slenthem yenye sauti nene. Sasa tazama wengine wanaifanyia nini. Peking, iliyo ndogo na yenye sauti ya juu kuliko saron zote, hurudia kila sauti mara mbili: 2 2 1 1 2 2 3 3. Bonang, zile safu mbili za vyungu vya shaba vilivyolazwa juu ya kamba, huzichukua sauti mbilimbili na kutangulia kuzisema: 2 1 2 1, kisha 2 3 2 3, wakati saron bado iko njiani. Mpaka hapo ni kanuni ambazo mtu anaweza kuzishika kwa mchana mmoja.

Ngumu inafuata. Rebab, ambayo ni zeze la nyuzi mbili. Gender, marimba ya vibao vyembamba vilivyoning'inizwa juu ya mabomba, inayopigwa kwa mikono miwili yenye kazi tofauti. Gambang, marimba ya mbao. Na sindhen, mwimbaji wa kike. Hawa hawaangalii tarakimu moja moja. Wanaangalia wimbo unaelekea kutua wapi. Balungan hugawanywa katika mafungu ya sauti nne nne, na sauti ya nne ya kila fungu ndiyo yenye uzito, ndiyo matuo, nao huiita seleh. Katika mstari wetu matuo ni 3, kisha 6 ya chini. Mpigaji wa gender ana hazina ya njia za kufika kwenye matuo hayo, kila njia na jina lake: ayu kuning, kuthuk kuning, tumurun, puthut gelut na nyinginezo. Njia hizo ni cengkok. Kuchagua cengkok gani, kuipamba vipi, kuipiga kwa utulivu au kwa uchangamfu, ndiyo kazi inayoitwa garap.

Garap ndiyo muziki. Rahayu Supanggah, mtunzi na msomi wa Surakarta aliyefariki 2020, aliitolea kitabu kizima mwaka 2007, juzuu ya pili ya *Bothekan Karawitan*. Kwa hiyo mtu akikwambia ana nota za nyimbo elfu za gamelan, ujue ana mifupa ya nyimbo elfu. Ni mali kubwa, lakini kwa mtu mwenye garap kichwani.

Wasomi wenyewe walichukua muda kukubaliana mifupa hiyo ni kitu gani. Mholanzi Jaap Kunst, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya muziki wa Java mwaka 1934, kikatoka kwa Kiingereza 1949, aliichukulia balungan kuwa kiini cha wimbo, na hayo mengine yote kuwa mapambo yaliyojengwa juu yake. Maelezo hayo ni safi, yanafundishika, na bado yamo katika ensaiklopidia nyingi. Ila wapigaji wa Java hawakuyatambua sana. Sumarsam, Mjava aliyeanza kufundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Connecticut mwaka 1972, alieleza kuwa kichwani mwa mpigaji hodari upo wimbo mwingine ambao hakuna ala hata moja inayoupiga mzima. Kila ala, balungan ikiwemo, hutoa upande wake wa wimbo huo. Marc Perlman aliyafuatilia mawazo hayo na mengine ya wanamuziki wa Java katika *Unplayed Melodies* ya 2004. Kwa anayeanza mjadala huu ni mzito, lakini una faida moja ya haraka: ukikuta kitabu kinachosema saron ndiyo inayopiga wimbo na wengine wanapamba, angalia mwaka kilipoandikwa.

Jambo la pili linalovuruga watu ni neno "Java" lenyewe. Kisiwa ni kimoja, lakini theluthi yake ya magharibi, yenye mji wa Bandung, ni nchi ya Wasunda, watu wenye lugha yao na muziki wao. Wajava wako katikati na mashariki. Wageni wamezichanganya gamelan hizi mbili tangu zamani. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1889, ambako Claude Debussy alisikia gamelan na kuvutiwa nayo maisha yake yote, kijiji kiliitwa cha Kijava, na wacheza ngoma walikuwa Wajava kutoka ikulu ya Mangkunegaran. Ala na wapigaji walitoka shamba la chai la Parakan Salak, katika nchi ya Wasunda. Hadi leo utaona rekodi za degung, gamelan ndogo ya Kisunda, zimeandikwa "Javanese gamelan", na mtu akanunua kitabu cha Surakarta akitarajia kimfafanulie.

Hakitamfafanulia, na tarakimu ndizo zitakazomwangusha kwanza. Nota za Java huitwa kepatihan, kwa jina la makao ya waziri mkuu wa Surakarta, zilikopata umbo lake mwishoni mwa karne ya 19. Tarakimu ikikua, sauti inapanda: 1, 2, 3, 5, 6. Wasunda wanatumia mfumo uliobuniwa na Machjar Angga Koesoemadinata, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1979, na ndani yake 1 ndiyo ya juu. Kadiri tarakimu inavyokua ndivyo sauti inavyoshuka. Hutamkwa da, mi, na, ti, la, kwenda chini. Ukisoma nota za Sunda kwa macho ya Java, wimbo wote unageuka kichwa chini miguu juu, na ubaya wake ni kwamba bado unasikika kama muziki.

Waliolelewa katika kwaya zinazosoma solfa wana mtego wao pia. Wanaona 1 wanaimba do. Katika gamelan 1 si do. Zipo laras mbili kuu, yaani namna mbili za kupanga sauti. Slendro ina sauti tano zinazoachana kwa umbali unaokaribiana, kiasi kwamba sikio la kwaya halijui liziweke wapi: umbali kati ya sauti na sauti ni mpana kuliko hatua nzima ya piano, lakini haufiki hatua moja na nusu. Pelog ina sauti saba zenye mianya isiyo sawa, mingine myembamba, mingine mipana, na kwa kawaida wimbo hutegemea tano kati ya hizo. Wimbo mmoja unaweza kupigwa katika laras zote mbili. Wilujeng ni mfano: ule mstari wetu ni wa slendro, katika pelog ya aina iitwayo barang hakuna 1, nafasi yake inachukuliwa na 7, na mstari unakuwa 2 7 2 3 2 7 5 6. Seti kamili ya gamelan, basi, ni seti mbili, moja ya slendro na moja ya pelog, na mpigaji hugeuka tu alipoketi.

Zaidi ya hapo, hakuna slendro ya serikali. Fundi akifua gamelan mpya huipa sauti zake, na seti ya kijiji hiki haioani na ya kijiji cha pili. Ndiyo maana huwezi kuazima saron ya jirani. Ndiyo maana pia kujifunzia kwenye kinanda cha umeme kunaharibu sikio kabla halijajengeka. Programu za simu zenye picha za saron na bonang ni nzuri kwa jambo moja, kukariri sauti ipi iko wapi kwenye ala. Baada ya hapo ziweke kando urudi kwenye rekodi.

Kwenye rekodi ndiko ningemwanzisha mtu yeyote, kabla ya kitabu na kabla ya nota. Kampuni ya serikali ya Lokananta, iliyoanzishwa Surakarta mwaka 1956, ilitoa kaseti nyingi, na nyingi zimepandishwa mtandaoni na wenye kaseti zao. Tafuta jina la Nartosabdho, dhalang, yaani mchezeshaji wa vivuli na vikaragosi, na mtunzi aliyeishi 1925 hadi 1985, pamoja na kundi lake la Condong Raos; yeye alichangamsha muziki huu hata waliokuwa wakiuona wa wazee wakaununua. Kwa muziki wa ikulu, tafuta rekodi alizofanya Mmarekani Robert E. Brown huko Yogyakarta. Moja yake, Ketawang Puspawarna, iliyopigwa katika ikulu ya Pakualaman chini ya K.R.T. Wasitodiningrat, ilitiwa kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Imeshafika kwenye anga la kati ya nyota, na bado ni wimbo mzuri wa kuanzia.

Unaanzia vipi? Kwa upatu mkubwa, gong ageng. Puspawarna ni wa umbo liitwalo ketawang: mapigo 16, na gong inalia pigo la 16. Si la kwanza. Anayetoka kwenye kwaya au dansi huhesabu "moja" kwenye pigo zito. Hapa pigo zito linafunga. Ukishazoea kuisubiri gong, tafuta kenong, vyungu vikubwa vyenye sauti ya kuning'inia, ambavyo hulia pigo la 8 na la 16. Halafu kempul, upatu mdogo, pigo la 12. Halafu kethuk, yenye sauti fupi kavu, pigo la 2, la 6, la 10 na la 14. Piga makofi kwa kila moja kwa zamu. Ladrang, kama Wilujeng, ni mpango huohuo ukirefushwa hadi mapigo 32: kenong nne, na kempul kwenye 12, 20 na 28. Mtu anayeweza kuketi mbele ya rekodi na kusema bila kukosea "sasa kenong, sasa kempul, sasa gong" amejifunza zaidi ya aliyesoma sura tatu za historia.

Kuna mahali atapotea tu, na heri ajue mapema. Mpiga kendang, yaani ngoma, akianza kupunguza mwendo, balungan huzidi kuachana, mpaka nafasi kati ya sauti moja na inayofuata inakuwa mara mbili ya awali. Hapohapo peking, iliyokuwa ikipiga mara mbili kwa kila sauti ya balungan, inapiga mara nne, na ndani ya pumzi chache unasikia muziki uleule una kasi ileile juu juu, ila chini umekuwa mpana kama uwanja. Ngazi hizo zinaitwa irama, nazo zina majina: lancar, tanggung, dadi, wiled, rangkep. Karibu kila anayefuata rekodi na karatasi hupotelea kwenye badiliko la kwanza la irama. Dawa ni kuacha kubebwa na ile kasi ya juu juu, ukamfuata peking na kumhesabu: mbili kwa kila sauti, au nne, au nane?

Baada ya wiki kadhaa za kusikiliza hivyo, kitabu kinaanza kuzaa matunda. Kwa anayesoma Kiingereza na anataka kupiga, nunua kimoja tu, cha Richard Pickvance, *A Gamelan Manual*, kilichotoka London 2005. Kimeandikwa kwa mpigaji: kila ala, kila kanuni, mifano kwa nota za kepatihan, bila hotuba ndefu kuhusu fumbo la Mashariki. Cha Neil Sorrell cha 1990, *A Guide to the Gamelan*, ni chepesi na kinasomeka usiku mmoja au miwili. Cha Benjamin Brinner cha 2008, *Music in Central Java*, kinaonyesha muziki ukiwa kazini, kwenye ngoma na kwenye wayang, ule mchezo wa vivuli wa usiku kucha. Cha Sumarsam cha 1995 ni historia, na ni cha kusoma ukishajiuliza kwa nini Wazungu waliielewa gamelan walivyoielewa.

Hazina ambayo watu huipita ni juzuu tatu zinazoitwa *Karawitan*, yaani sanaa ya muziki wa gamelan, zilizohaririwa na Judith Becker na Alan Feinstein na kuchapishwa Chuo Kikuu cha Michigan kati ya 1984 na 1988. Ni maandishi ya walimu wa Java wenyewe yaliyotiwa Kiingereza, na sasa chuo kimeyaweka wazi, yanasomwa bure. Humo yumo Martopangrawit, mpigaji wa ikulu ya Surakarta, akieleza pathet. Hilo ni jambo ambalo kila kitabu hujaribu kulifafanua na kila kitabu hutokwa jasho: namna fulani ya hisia na uzito wa sauti inayoamua wimbo unatua wapi na kwa cengkok zipi. Katika wayang, pathet huugawa usiku: nem mwanzoni, sanga kati ya usiku, manyura kuelekea alfajiri. Usijaribu kuielewa pathet kwa ufafanuzi. Sikiliza nyimbo kadhaa za manyura, kisha kadhaa za sanga, kisha ndiyo umsome Martopangrawit.

Nota zenyewe, yaani mifupa, ziko tele. Mkusanyo mkubwa unaonukuliwa na wote ni wa Mloyowidodo, juzuu tatu za mtindo wa Surakarta, uliotolewa 1976 na chuo cha sanaa cha ASKI, ambacho leo ni ISI Surakarta. Mtindo wa Yogyakarta una mikusanyo yake, maana miji hii miwili, iliyo karibu vile, inashindana kwa adabu kuhusu kila kitu. Taasisi ya American Gamelan Institute, yenye jarida la *Balungan* tangu 1984, nayo imehifadhi mengi, pamoja na kazi za watunzi wa sasa.

Lugha nayo isikutishe. Maelezo mengi ya wazi kuhusu cengkok za gender au uimbaji wa sindhen yako kwa Kiindonesia, kwenye video za walimu na wanafunzi wa vyuo vya sanaa. Kiindonesia huandikwa kwa herufi zetu na hakina mabadiliko ya vitenzi ya kukutoa jasho. Msomaji wa Kiswahili atakuta maneno ya Kiarabu tunayoyatumia sote, kama dunia, sebab na waktu. Andika "belajar karawitan", au "cengkok gender" ukifuatisha jina la wimbo, na mlango mwingine kabisa utafunguka kuliko ule wa kuandika kwa Kiingereza. Ukiwa mtu wa pwani utakutana pia na neno gambus na kudhani umefika nyumbani. Ni kweli ni ndugu wa gambusi yetu, kwa njia ya Hadhramaut, lakini huo ni muziki mwingine, si gamelan.

Kusikiliza moja kwa moja kumekuwa rahisi ajabu. Ikulu ya Yogyakarta hurusha kwenye YouTube mkesha wa muziki uitwao Uyon-uyon Hadiluhung, kwa heshima ya siku ya kuzaliwa ya Sultani. Siku hiyo huja kila baada ya siku 35, kwa sababu Wajava hulinganisha juma la siku saba na juma la soko la siku tano, na jina la siku hukamilika majuma hayo yakikutana. Ni saa kadhaa za muziki usiokatwa, na kamera hukaa juu ya mikono ya wapigaji kwa utulivu ambao kaseti haikuweza kutupa. Na mwezi wa Maulidi ukifika, tafuta Sekaten: gamelan kubwa na nzito kuliko zote hutolewa ikulu na kupigwa katika viwanja vya msikiti mkuu, Surakarta na Yogyakarta, kwa ajili ya Mazazi ya Mtume. Wanaobishana huku kwetu kama dufu linafaa kwenye maulidi watapata la kuongeza.

Sunda nimeiacha nyuma, kama ilivyo kawaida ya vitabu. Hata wenye kitabu cha "gamelan ya Indonesia" huipa Sunda sura moja, baada ya Java na kabla ya kukimbilia Bali. Aliyeitendea haki ni Henry Spiller, ambaye kitabu chake cha utangulizi wa gamelan, cha 2004 na matoleo yaliyofuata, kinaiweka Sunda katikati. Hicho ndicho cha kuanza nacho.

Kwanza chagua ni Sunda ipi. Gamelan degung ni kundi dogo, la sauti tano za pelog ya pekee, lililokuwa la watawala wa wilaya na leo linapigwa kwenye harusi na mapokezi ya hoteli. Utalitambua kwa filimbi ya suling ya matundu manne inayoelea juu ya shaba. Nano S., mtunzi aliyefariki 2010, ndiye aliyeliingiza kwenye nyimbo za mapenzi za redio, na "Kalangkang" ni mlango mzuri. Gamelan salendro, ndivyo Wasunda waitavyo slendro, ni kitu kingine: ndiyo ya wayang golek, vikaragosi vya mbao, na ndiyo iliyozaa jaipongan, ngoma aliyoitengeneza Gugum Gumbira huko Bandung miaka ya 1970. Kwa wayang golek tafuta maonyesho ya dhalang Asep Sunandar Sunarya, aliyefariki 2014. Yako mengi, na hata bila kujua Kisunda utacheka, maana vikaragosi vyake vinatapika na vichwa vyao vinapasuka. Halafu kuna tembang Sunda, uimbaji wa taratibu kwa kacapi, ala ya nyuzi, na suling usio na gamelan kabisa. Ukinunua kitabu cha Sean Williams cha 2001 au cha Wim van Zanten cha 1989, ndicho unachopata. Ni vitabu bora, ila si vya gamelan. Kwa wayang golek na siasa zake, soma cha Andrew Weintraub, *Power Plays*, cha 2004.

Nota za salendro zina maneno machache kuliko hata za Java. Hakuna balungan iliyoandikwa sauti kwa sauti. Kuna patokan: sauti chache za nguzo, gong inatua hapa, kenong inatua pale, na kati ya nguzo hizo kila mpigaji anajua la kufanya. Nyimbo nyingi zenye majina tofauti husimama juu ya patokan moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayekariri wimbo mmoja mmoja anajichosha bure. Ajifunze patokan tatu au nne pamoja na kanuni za kujaza, atajikuta anaweza kuingia kwenye nyimbo ambazo hajawahi kuzisikia. Na kendang katika Sunda si mtunza mwendo tu. Mpigaji hubana ngozi ya ngoma kubwa kwa kisigino ili kuipandisha na kuishusha sauti, na kila mtikiso wa bega la mcheza ngoma una pigo lake. Video ya jaipongan inayoonyesha mpiga kendang na mchezaji kwa pamoja ina thamani kuliko ukurasa wowote wa nota.

Mwisho wa njia zote hizi ni kuketi chini, viatu nje, mbele ya shaba yenyewe. Waswahili walioko Uingereza wana gamelan ya Southbank Centre mjini London, zawadi ya serikali ya Indonesia ya 1987, na ile ya Chuo Kikuu cha York. Walioko Marekani wana Wesleyan na vyuo vingine vingi. Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz kilikuwa kwa miongo kadhaa nyumba ya gamelan ya Kisunda chini ya Undang Sumarna. Walioko Toronto wana Evergreen Club, wanaopiga degung tangu 1983, ingawa tungo zao nyingi ni za kisasa. Makundi ya namna hii mara nyingi humkaribisha asiyejua kitu: anakabidhiwa saron au kenong, anaambiwa hesabu. Kanuni ni chache. Usivuke ala kwa mguu, zunguka. Baada ya kupiga kibao cha saron, kizime kwa mkono wa pili pale unapopiga kinachofuata. Hili la pili huchukua wiki kadhaa, na ndilo linalotofautisha muziki na kelele za mabati.

Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi yuko mbali na seti hizo, lakini hana haja ya kusubiri. Imba balungan kwa majina mafupi ya tarakimu wanayotumia Wajava: ji, ro, lu, pat, ma, nem, pi. Mstari wa Wilujeng unakuwa *ro ji ro lu, ro ji ro nem*. Imba huku rekodi ikilia ili sikio lichukue sauti za seti ile, si za kwaya, na mkono upige kethuk kwenye meza. Wakiwa wawili, mmoja aimbe balungan, wa pili aimbe bonang: *ro ji ro ji, ro lu ro lu*.

Na kuna Darmasiswa, ufadhili wa serikali ya Indonesia ulioanza 1974 kwa nchi jirani na kisha kufunguliwa kwa nchi nyingine zenye uhusiano nayo wa kibalozi, zetu zikiwemo. Si wa shahada. Ni wa kwenda kujifunza lugha au sanaa, kwa kawaida mwaka mmoja. Masharti na tarehe hubadilika, kwa hiyo ulizia ubalozini, Dar es Salaam au Nairobi, mapema mwanzoni mwa mwaka. Ukijaza fomu utatakiwa kuchagua chuo, na uchaguzi huo ndio unaoamua kila kitu: ISI Surakarta au ISI Yogyakarta ukitaka Java, ISBI Bandung ukitaka Sunda. Usiandike "gamelan" peke yake. Andika *karawitan*, taja ala unayotaka kuanza nayo, na useme unajua ladrang ina kenong ngapi.